Siku 90 za mtoto hazingojei rezo

LUBUMBASHI. Ni siku ya Ijumaa, saa nne ya asubuhi, katika ofisi moja ya eta sivile ya mji wa Lubumbashi. Kwenye benchi la mbao watu kumi na mmoja wanangojea. Katikati yao kuna mama mmoja mkaaji wa komine ya Katuba. Mtoto yuko mgongoni. Cheti cha maternite kiko mkononi, ndani ya mfuko wa plastiki ili kisilowe na mvua. Anafika mbele ya meza. Karani hamwulizi hata jina la mtoto. Anageuza macho kwenye emprimante nyeupe iliyowekwa juu ya kabati la chuma, anaona taa yake inawaka na kuzimika, kisha anajibu maneno ambayo benchi lote linayajua kwa kichwa:

– Mama, mashine haiko na rezo. Urudie Jumatatu.

Ni mara ya tatu mama huyu anasikia maneno hayo. Mara ya kwanza alikuja Jumanne, siku ya 78 ya maisha ya mtoto wake. Akarudia Jumanne iliyofuata, siku ya 85. Ijumaa hii ni siku ya 88. Jumatatu itakuwa siku ya 91.

Hesabu hii si ya mchezo. Kode ya familia, sheria ya mwaka 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, inampa mzazi siku 90 za kutangaza kuzaliwa kwa mtoto mbele ya ofisa wa eta sivile. Ndani ya siku hizo, kuandikisha mtoto ni bure. Zikipita, njia inageuka: mzazi anatumwa tribunali kutafuta hukumu, ile watu wanaita jugement supplétif, ndipo arudi na karatasi hiyo ofisini. Tribunali maana yake ni barua, ni pesa, ni safari, ni siku za kazi zinazopotea. Wazazi wengi wakifika hapo wanaacha. Mtoto anabaki bila karatasi, na anakuja kujua hasara yake siku ya kuandikishwa masomo, siku ya kuomba pasipoti, ao siku ya kugawa mali ya marehemu baba yake.

Katika sheria hiyo hakuna mstari unaosema kwamba siku 90 zinasimama wakati emprimante imepoteza rezo.

Jina la ofisi halitajwi hapa, na kuna sababu: ofisi si moja. Mkaaji wa Lubumbashi aliyekwenda kuomba karatasi ya kupoteza kadi ya uchaguzi anaijua habari hii. Mwanafunzi aliyekimbilia karatasi ya masomo siku ya mwisho ya kutoa dosye anaijua. Ukienda Likasi, Kolwezi, Kalemie ao Bunia, utakuta benchi kama lile na jibu kama lile. Neno «rezo» limekuwa ufunguo wa kufunga mlango. Zamani karani alisema «mkubwa hayuko». Leo anasema «rezo hakuna», na raia anainamisha kichwa, kwa sababu mkubwa anaweza kungojewa mlangoni, lakini rezo haionekani, haina mlango, na hakuna mtu anayejua inarudi saa ngapi.

Basi ifike mwisho. Emprimante inayopoteza rezo kila siku ni mashine iliyofungwa vibaya, na kuna watu wanaolipwa mshahara ambao wamekubali ibaki vile. Huo ni uzembe.

Ng'ambo ya barabara

Dawa ya uongo huu iko mita thelathini kutoka ofisi hiyo. Ng'ambo ya barabara kuna sekretariya: meza mbili, ordinatere moja ya zamani, mashine ya fotokopi, emprimante moja, na kijana mmoja anayekaa pale tangu asubuhi mpaka jioni. Kuran inayomfikia kijana huyu ni ile inayofika ofisini. Ikipotea huku, inapotea na kule. Modemu yake ni ya bei ndogo kuliko ya ofisi. Lakini emprimante yake inatoa karatasi siku nzima. Ikisimama dakika kumi, kijana anatoka jasho, maana dakika kumi ni wateja wanaokwenda kwa jirani.

Siri yake ni nini? Ni waya. Waya moja mfupi unaotoka ordinatere na kuingia emprimante. Hana wifi ya kupoteza.

Ofisini pia kulikuwa na emprimante ya waya. Ingali pale, chini ya meza, imefunikwa na vumbi na mafaili. Iliondolewa siku mashine nyeupe ilipoletwa, kwa sababu mashine nyeupe «haiombi waya». Tangu siku ile, watu wenye haraka wanaambiwa njia nyingine: karani anaweka karatasi ya mtoto kwenye kle, mtu anavuka barabara, analipa franka 500 kwa ukurasa, kisha anarudi kutafuta sahihi na muhuri. Juu ya franka 500 kuna kitu kidogo cha yule aliyebeba kle. Mama wa Katuba alikuwa amebaki na pesa ya taksi-bisi tu. Kwake barabara ile ilikuwa pana kama ziwa.

Hakuna ushahidi kwamba karani anagawana na mwenye sekretariya, na si haki kusema hivyo bila ushahidi. Lakini jambo moja linaonekana bila ushahidi mwingine: rezo inapokatika, karani hapotezi kitu. Mshahara wake ni uleule, na siku nyingine mfuko wake unaongezeka. Anayepoteza ni yule wa kwenye benchi. Fasi ambako kuharibika kwa mashine hakumuumizi mwenye mashine, mashine haiponi kamwe.

Kuna pia hatari ambayo haizungumzwi. Kle ile inabeba jina la mtoto, majina ya wazazi, tarehe na adresi. Inaingizwa kwenye ordinatere ya barabarani ambako kle za mji mzima zimepita, na inarudi ofisini na virusi. Habari za familia zinabaki kwenye mashine ya mtu asiyekula kiapo chochote. Ofisi inayotunza siri za familia haina ruhusa ya kuzitembeza ndani ya kle.

Kwa nini mashine inapoteza rezo

Wanaosema «rezo hakuna» wanachanganya vitu viwili. Kuna intaneti, ile inayoingia kwa megabaiti za kununua. Na kuna rezo ya ndani ya nyumba, ambayo modemu inaitengeneza ili vyombo vya ofisi viongee kati yao. Emprimante ya kawaida inahitaji hii ya pili tu. Karatasi inatoka kwenye ordinatere, inapita modemu, inafika emprimante, bila kutoka ndani ya ukuta. Megabaiti zikiisha, emprimante inapaswa kuendelea kuchapa. Kuna aina chache zinazodai intaneti ili zifanye kazi, na ofisi ya serikali haikupaswa kununua aina hizo. Kwa hizi nyingine, karani anayesema «tunangojea megabaiti» ao hajui, ao anadanganya.

Sababu za kweli zinajulikana, na si nyingi.

Ya kwanza ni adresi. Ndani ya rezo kila chombo kinapewa namba, kama nyumba kwenye avenyu. Modemu ndiyo inayogawa namba hizo, na inazigawa kwa mkopo wa muda, mara nyingi siku moja. Kuran ikikatika, modemu inazimika. Ikirudi, inaanza kugawa upya, na modemu nyingi za bei ndogo hazikumbuki nani alikuwa na namba gani. Asubuhi emprimante ilikuwa namba 15, saa sita imekuwa namba 22, na namba 15 imechukuliwa na simu ya karani mmoja. Ordinatere haina habari. Inaendelea kupiga hodi namba 15, haipati jibu la emprimante, na inaandika kwamba mashine iko nje ya rezo. Mashine iko palepale, inawaka, imeshikwa na wifi vizuri kabisa. Imehamia nyumba nyingine tu. Katika mji wa delestaji kama huu, jambo hilo linaweza kurudia mara mbili ao tatu kwa siku moja.

Ya pili ni njia ya wifi. Modemu nyingi za leo zinatoa wifi ya aina mbili: ya gigahezi 2.4, inayofika mbali na kupita ukuta vizuri zaidi, na ya gigahezi 5, ya mbio lakini ya karibu. Emprimante nyingi za bei ya kawaida zinajua ile ya 2.4 peke yake. Modemu ikipanga zote mbili kwa jina moja, mashine nyingine zinachanganyikiwa. Tena, katika avenyu moja ya katikati ya mji kunaweza kuwa na wifi ishirini za majirani, zote zinasukumana kwenye njia ileile ya 2.4. Njia ambazo hazigongani ni tatu: 1, 6 na 11. Fundi anayejua kazi anaangalia ipi iko na nafasi, anaifunga modemu pale.

Ya tatu ni fasi mashine ilipowekwa. Juu ya kabati la chuma, nyuma ya ukuta mnene wa matofali ya zamani ya wakati wa koloni, na modemu iko ofisi ya mkubwa kwenye mwisho wa korido. Chuma kinazuia wifi. Ukuta unaidhoofisha. Mashine iliyowekwa hivyo inashika rezo leo na kuiacha kesho, hata kama hakuna kitu kingine kibaya.

Ya nne ni usingizi. Emprimante ikikaa bila kazi inalala ili isile kuran nyingi. Nyingine zikilala zinaachia wifi, na zikiamshwa hazirudi. Mpango wa usingizi unaweza kurefushwa ao kuondolewa kwenye kioo kidogo cha mashine yenyewe.

Ya tano ni mikono ya watu. Mtu amebadilisha neno la siri la wifi kwa sababu majirani walikuwa wanakula megabaiti, na hakuna aliyekumbuka kuipa emprimante neno jipya. Ao mkubwa amesafiri na modemu, na ofisi inatumia simu ya mtu kutoa wifi yenye jina lingine. Ao ordinatere iko kwenye wifi ya wageni, na modemu inakataza wageni kuona vyombo vya ndani. Katika hali zote hizi emprimante haina kosa.

Ya sita iko ndani ya ordinatere. Katika Windows kuna alama ya kutumia emprimante nje ya rezo. Mtu akiigusa bila kujua, karatasi zote zinapanga mstari na hazitoki. Ao karatasi moja imekwama mbele, na nyingine hamsini zinangojea nyuma yake. Karani anaendelea kubonyeza «chapa» mara kumi, anaongeza kumi kwenye mstari, kisha anasema rezo ni mbaya.

Kazi ya nusu siku

Sasa tuhesabu kazi ya kuponya hayo yote. Fundi anayejua kazi yake, ao hata karani kijana mwenye bidii, anaweza kumaliza kwa nusu siku.

Anaanza kwa kuiomba emprimante yenyewe itoe karatasi ya hali ya rezo. Karibu kila mashine ya wifi inaweza kufanya hivyo kutoka kwenye vitufe vyake, bila ordinatere. Karatasi hiyo inaonyesha jina la wifi, namba ya adresi, na mara nyingi nguvu ya rezo. Kabla ya kulaumu mtu, karatasi hiyo inasema ukweli. Katika ofisi nyingi haijatolewa hata mara moja tangu mashine ifike.

Kisha anaingia ndani ya modemu na kuiwekea emprimante namba isiyobadilika, ili kila mara kuran inaporudi, mashine ipewe namba ileile. Kwenye ordinatere anafuta emprimante ya zamani, anaiweka upya kwa namba hiyo. Ikiwa Windows inaendelea kusema mashine iko nje wakati iko ndani, anafungua mlango wa emprimante katika mipangilio na kuondoa alama ya SNMP, ambayo mara nyingi ndiyo inayotoa habari ya uongo. Anatenganisha majina ya wifi mbili na kuweka mashine kwenye 2.4. Anaishusha kutoka kwenye kabati la chuma na kuisogeza karibu na modemu. Anarefusha muda wa usingizi. Anaandika neno la siri jipya kwenye daftari la ofisi, si kwenye kichwa cha mtu mmoja.

Mwisho anabandika karatasi ukutani yenye mistari mitatu, kwa siku za delestaji: kuran ikirudi, washa modemu kwanza, ngoja dakika tatu, washa emprimante, kisha ordinatere. Mambo ya rezo mengi yanatoka kwa kuwasha vyote kwa mara moja, emprimante ikaamka mbele ya modemu, ikatafuta wifi, isiione, ikakata tamaa.

Na ikiwa yote hayo ni mengi, kuna waya. Waya wa USB kwa ordinatere iliyo karibu, usiozidi mita tano. Ao, kama mashine ina tundu lake, waya wa rezo unaotoka modemu mpaka emprimante, ambao unaweza kufika mita 100 bila shida. Bei yake haiwezi kulinganishwa na bei ya mashine. Fundi wa simu wa soko anauza waya kama huo. Kiongozi anayesaini karatasi ya kununua emprimante nzima na kukataa kununua waya ni kama baba anayenunua pikipiki na kukataa kununua mafuta.

Majibu ya wanaojitetea

Wakuu wa ofisi wanapoulizwa, wana majibu manne.

Wanasema kosa ni la kuran. Ni kweli, delestaji inaumiza, na hakuna mtu wa Lubumbashi anayeweza kukana hilo. Lakini kuran haielezi kwa nini mashine haichapi wakati kuran iko. Ijumaa ile saa nne taa za ofisi zilikuwa zinawaka, simu za makarani zilikuwa kwenye chaji, na muziki ulikuwa unatoka kwenye radio. Tena modemu ni chombo kidogo, inakula kiasi cha wati kumi hivi. Onduleri ndogo ya modemu inaweza kuishikilia saa nyingi, na namba hazibadiliki. Onduleri hiyo isitumiwe kwa emprimante ya leza, maana ile ikipasha moto inavuta kuran nyingi na itaiua onduleri. Kwa modemu peke yake inatosha.

Wanasema ofisi haina fundi. Lakini mji huu una Chuo Kikuu, una institi za ufundi, na kila mwaka vijana wanatoka na diplome ya informatike na kukaa nyumbani. Asubuhi moja kila mwezi ya kijana mmoja wa namna hiyo ingeponya ofisi tatu. Kinachokosekana ni mtu aliyepewa kazi hiyo kwa jina. Mashine ikiwa ya wote, si ya mtu.

Wanasema wifi ni maendeleo, na kurudi kwenye waya ni kurudi nyuma. Jibu hili ndilo baya kuliko yote. Wifi ina faida yake: ofisi nne zinaweza kutumia emprimante moja, na ordinatere ya kubeba inaweza kuchapa kutoka popote. Hakuna anayekataa. Lakini maendeleo yanapimwa kwa watoto wangapi wameandikwa jioni, si kwa kukosekana kwa waya sakafuni. Ofisi iliyoandika watoto thelathini kwa mashine ya zamani, na sasa inaandika sita kwa mashine mpya, imerudi nyuma, hata kama meza yake imekuwa safi.

Na wanasema raia nao wanachelewa. Kwa nini mama yule alingojea mpaka siku ya 78? Jibu lake liko wazi. Alizaa, akaugua, bwana wake anatafuta maisha Kolwezi na alikuwa na karatasi za familia. Lakini hata kama alikaa nyumbani bila sababu, jibu ni lilelile: sheria imempa siku 90, haikumpa siku 77. Siku zile kumi na mbili zilizobaki zilikuwa mali yake. Ofisi ndiyo iliyozila.

Kalamu haina wifi

Baki hili, ambalo ni kubwa kuliko mambo yote ya mashine. Kwenye meza ya karani, Ijumaa ile, kulikuwa na rejista ya karatasi na kalamu. Kwa miaka na miaka watoto wa Kongo wameandikwa kwa rejista na kalamu, na mababu wa wakuu wa leo walipata karatasi zao hivyo. Emprimante inaleta kopi safi na ya haraka. Lakini kutangaza mtoto si kuchapa. Kutangaza ni mzazi kusimama mbele ya ofisa na kusema: mtoto huyu amezaliwa, jina lake ni hili. Siku ile neno lilipotamkwa ndiyo siku ya kuandikwa, na kopi inaweza kufuata kesho ao wiki ijayo.

Karani hakukosa emprimante. Alikosa kufungua rejista. Kama angeandika jina la mtoto siku ya 78, na kumpa mama kipande cha karatasi chenye tarehe, sahihi na muhuri, rezo ingeweza kupotea mwezi mzima bila kumuumiza mtoto.

Jumatatu, siku ya 91, mama wa Katuba alirudia. Mtu alikuwa amezima modemu na kuiwasha tena asubuhi, na emprimante ilitoa karatasi bila shida. Karani alichukua cheti cha maternite, akakisoma, akahesabu kwa vidole kwenye kalenda ya ukutani. Kisha akamrudishia.

– Mama, umepitisha siku. Uende tribunali.

Mashine ilikuwa inachapa karatasi ya mtu mwingine wakati anasema hivyo.

Mambo matano ya kuomba

Wakaaji wa mji huu wasiombe mashine mpya. Mashine mpya ikifungwa kama hii, itakatika kama hii. Waombe mambo matano, na waombe kwa maandishi, kupitia wakubwa wa kartiye na shirika la raia.

Kwanza, kila tangazo la kuzaliwa lipokelewe siku ileile mzazi anapofika, kwa kalamu ikiwa mashine imesimama, na mzazi apewe kipande chenye tarehe.

Pili, mzazi aliyefika ndani ya siku 90 na kurudishwa kwa sababu ya mashine asipelekwe tribunali kwa pesa yake. Ofisi iliyomrudisha ibebe mzigo wake.

Tatu, kila ofisi inayopokea raia iwe na emprimante moja ya waya, inayofanya kazi. Wifi iwe ya kusaidia, isiwe mlango wa peke yake.

Nne, kuwe na mtu mmoja wa kila ofisi, anayejulikana kwa jina na kuandikwa ukutani, anayejibu juu ya emprimante na modemu. Na kuwe na daftari la kuandika kila mara mashine iliposimama: saa ngapi, kwa sababu gani, imepona saa ngapi. Baada ya mwezi mmoja daftari hilo litaonyesha kama shida ni kuran, ni adresi, ao ni mtu.

Tano, kle za ofisi zisivuke barabara tena.

Hakuna jambo kati ya haya linalongoja Kinshasa. Hakuna linaloomba msaada wa wafadhili. Mkuu wa komine anaweza kuyasaini yote asubuhi moja, kabla ya saa sita. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wazee walisema, na ufa huu unazibwa kwa waya wa mita tano na kalamu moja.

Mama wa Katuba hajaenda tribunali. Anangojea bwana wake atume pesa kutoka Kolwezi. Mtoto ameanza kukaa mwenyewe, na karatasi yake peke yake ni kile cheti cha maternite ndani ya mfuko wa plastiki.